Ikilia, Futa

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu mmoja wa tofali, mbele ya duka la fundi cherehani tunayemwita Pindo. Mimi ndiye muuza kahawa, Mama Birika, na msema kweli mpenzi wa Mungu: kuna asubuhi natamani kuwamwagia wote. Hawakosi. Yuko Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye mpaka leo akishtuka anakanyaga chini. Yuko Waya, fundi wa redio na feni. Na yuko Kamusi, mwalimu mstaafu, mwenye methali ya kila jambo, ila si ya jambo linalozungumzwa. Siku hiyo, saa tatu asubuhi, Pindo alitoka dukani na sahani mkononi, uso umemshuka. Sahanini mlikuwa na vipande vya biringanya vimelala chali kama soksi zilizonyeshewa.

Pindo: Jamani, nimekwisha. Hii sahani ya pili.

Breki: Hii nini tena? Umechemsha mifuko ya suruali?

Pindo: Biringanya. Ilitakiwa iwe kavu, ukiitafuna jirani asikie!

Waya: Hii jirani hasikii kitu. Hii inamezwa kimyakimya kama dawa.

Tulicheka, lakini Pindo hakucheka. Mkewe amejifungua, na mama mkwe wake amekaa nao wiki tano. Kapika yeye, kafua yeye, kabembeleza mtoto yeye. Siku hiyo alikuwa anaondoka na basi la saa sita mchana, na Pindo kaapa mama huyo hapandi basi kabla hajala kitu kilichopikwa na mkwewe. Anachokipenda ni biringanya ya kukaanga, na daktari kamkataza mafuta. Ndipo Pindo akaazima kwa dada yake ile mashine ya kukaangia kwa hewa, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Pindo: Wiki tano sijamsikia akisema nimechoka. Na mimi hata chai sijampikia! Akiondoka hivihivi nitamtazama na jicho gani?

Waya: Tulia. Tatizo ni hewa. Mashine inakaanga kwa hewa, sivyo? Sasa hewa ya hapa ni ipi? Ya mtaro. Hewa nzito hiyo, inalainisha.

Breki: Hewa haina uzito, bwana we!

Waya: Haina? Mbona tairi ukilijaza linabeba lori?

Breki alifikiri kidogo, akanywa kahawa.

Breki: Basi ni mteremko. Ielekeze mashine bondeni, upepo utaingia wenyewe, bila kutumia umeme.

Kamusi: Mnahangaika bure, wanangu. Wahenga walisema umoja ni nguvu. Zijaze zote humo, zibanane, zipeane moto.

Pindo: Nilizijaza, mwalimu. Zimepeana maji.

Kamusi: Basi imenye ganda. Mficha uchi hazai.

Mimi: Mwalimu, biringanya inazaa wapi tena kwenye mashine?

Kamusi: Mama Birika, wewe mimina.

Nikamimina. Kazi yangu si kumimina?

Waya: Nisikilizeni. Biringanya ni nyeusi, na kila kitu cheusi kinanywa umeme. Moto wote unaishia kwenye ganda. Ukitaka ikauke, kwanza uizoeshe. Ikae karibu na redio usiku mzima.

Breki: Redio! Mimi nimebeba biringanya magunia na magunia. Hizi zimesafiri nyuma ya lori zikiwa zimetazama zilikotoka. Zimepata kizunguzungu. Na mwenye kizunguzungu hasimami, analala. Tazameni zilivyolala!

Wote wakainama juu ya sahani. Ukweli ni kwamba zilikuwa zimelala.

Pindo: Jamani, ni saa nne kasoro! Nimebaki na biringanya mbili tu.

Hapo nikaweka birika chini. Nikamuuliza maelekezo kayapata wapi. Akachomoa karatasi shingoni, ameibana kwa pini kwenye futi yake ya kupimia.

Pindo: Kaandika mke wangu. “Kata vyembamba. Tia chumvi. Ikilia, futa. Mafuta kijiko kimoja. Isibanane. Geuza katikati.”

Mimi: Na umefuata?

Pindo: Neno kwa neno, ukiacha hilo la kubanana! Nimekata, nimetia chumvi, nikaitia ndani. Ikalia, tii tii tii, nikafuta.

Mimi: Ukafuta nini?

Pindo: Mashine. Si imeandikwa ikilia, futa? Imelia mara saba, nimeifuta mara saba. Njoo uione inavyong'aa!

Nilicheka mpaka nikamshika Breki bega nisianguke. Nikamwambia Pindo, inayolia si mashine. Ni biringanya!

Waya: Biringanya inalia?

Mimi: Ukiitia chumvi inatoa maji, yanasimama juu kama machozi. Hayo ndiyo unayafuta, tena kabla hujaiwasha hiyo mashine. Usipoyafuta, umechemsha, hukukaanga.

Kamusi akavua miwani, akaisoma ile karatasi kama anasahihisha mtihani.

Kamusi: Biringanya ikilia. Mashine ikilia. Kisarufi, Pindo hana kosa.

Waya: Sasa Mama Birika, mbona hukusema tangu mwanzo?

Mimi: Nani aliniuliza?

Biringanya mbili zikakatwa, zikatiwa chumvi, zikapangwa kwenye sinia juu ya benchi. Watu wazima wanne wakakaa nusu saa wanatazama mboga.

Breki: Imeanza! Imeanza kulia! Maskini, na huyu wa pembeni naye!

Pindo akazifuta na kipande kipya cha kitambaa cha pamba, mojamoja, taratibu. Kijiko cha mafuta. Nusu ndani kwanza, zisibanane. Katikati akageuza. Zilipotoka zilikuwa za kahawia, kingo zimejikunja. Nikampa Breki kipande kimoja ajaribu.

Krachu!

Breki akakanyaga chini kwa nguvu zote, benchi likayumba. Pindo akaruka, akamkumbatia Waya, akanikumbatia mimi, akaikumbatia mashine ikamuunguza.

Waya: Hewa yenyewe imepoa leo. Nilisema. Hebu nione.

Krachu.

Kamusi: Ni wembamba huo. Hebu.

Krachu. Kisha zikatoka zile za awamu ya pili, na ubishi ukawa awamu ipi imekauka zaidi. Sasa utalinganisha vipi bila kuonja zote mbili? Hata Pindo alionja, akiwa na furaha ya kujisahau. Hata mimi. Sidanganyi.

Kamusi: Mwonja asali haonji mara moja!

Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake, na hakuna aliyeisikia.

Kahawa iliisha. Saa tano na nusu akatokea mama mmoja mfupi, begi mkononi, kilemba kimefungwa cha safari. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama!

— Marahaba, wanangu. Mkwe wangu, binti yangu kaniambia umenipikia biringanya kwa mkono wako. Yangu iko wapi?

Tukatazama sahani. Kulikuwa na punje za chumvi. Pindo akamtazama Waya, Waya akanitazama mimi, mimi nikatazama ndani ya birika tupu. Halafu, kutoka kwenye shavu la Breki:

Krachu.

Pindo alifungua mdomo aombe radhi. Yalitoka machozi. Mwanaume mzima, futi shingoni, anabubujika mbele ya mama mkwe wake.

Kamusi akakohoa.

Kamusi: Ikilia...

Mama akatua begi chini. Akatoa leso, akampa Pindo.

— Jifute, mwanangu. Wiki tano nawaza nitaondokaje niwaache, na wewe unalia kwa biringanya? Basi la saa tisa pia lipo.

Akakaa benchini, akavua viatu vya safari, akauliza sokoni ni mbali kiasi gani. Breki alikuwa ameshakata kona anakimbilia huko, na wala hakukanyaga breki.