Herufi Nilizozishika Kichwani

Amani kwenu, bamama na bababa, na ninyi vijana mliokaa nyuma mkidhani sijui kwamba mko hapo. Mwongozaji wa ibada ameniomba niseme Kiswahili cha Biblia, siyo kile cha soko letu la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nitajaribu. Jina la mtu sitataja. Langu mnalijua, maana wengi wenu nimewatia dawa ya macho na mkanililia.

Mimi ni muuguzi wa macho. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya ubao wa herufi, ule unaoanza na herufi moja kubwa juu na kushuka hadi vitu vidogo kama chawa, na kumwuliza mgonjwa anaona mpaka wapi. Ubao wetu ni uleule tangu nilipoanza kazi. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, nyumbani nikizitaja herufi zake toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu, na watoto wangu walizijua hizo kabla ya kuijua alfabeti. Tulicheka sana.

Nilipobeba mimba ya kitindamimba wangu, nilikutwa na sukari. Mtoto akatoka, sukari ikabaki. Mtu wa kazi yangu anajua kwamba sukari inaharibu jicho kwa nyuma, kimya kimya, bila maumivu, na kwamba mwenye ugonjwa huo anapaswa kuangaliwa na daktari wa macho kila mwaka. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wagonjwa. Aliyechelewa nilimgombeza mbele ya wenzake, na wengine wenu hapa ni mashahidi.

Na mimi je? Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nilisimama mbele ya ubao, nikafunika jicho moja kwa kiganja, nikasoma hadi mstari wa mwisho. Nikafunika la pili, nikasoma tena, nikamshukuru Mungu. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa nadanganya mtu. Niliamini kabisa kwamba naona. Kitu ukikijua sana, jicho likiona kivuli chake tu, kichwa kinajaza kilichobaki, na wewe unasema asante Bwana.

Dalili zilikuja. Nilimwaga chumvi nje ya chungu. Sokoni Ruashi nilimkumbatia mama mmoja kwa furaha nyingi, kumbe simjui wala hanijui. Hapa kwenye kwaya nilishika kitabu cha nyimbo kama wenzangu, lakini nyimbo zenyewe zilitoka kichwani. Nikasema ni vumbi la mgodi. Nikasema ni umeme, taa za Lubumbashi tunazijua. Mume wangu aliniomba niende kwa daktari, akaniomba tena, na mimi nikamwuliza ameona wapi mpishi akiomba chakula kwa jirani. Ni mtu mpole, na upole wake niliutumia vibaya.

Basi wakaja walimu kutufundisha sisi wauguzi na madaktari wa macho wa mji na wa barabara ya Kasenga, namna ya kuwahudumia watu wenye uoni hafifu. Niwaelezee. Kuna mtu ambaye jicho lake operesheni hailiwezi, miwani hailiwezi, lakini hajawa kipofu. Kuna kipande cha kuona kimebaki. Sisi tulizoea kumwambia hakuna dawa, arudi nyumbani, Mungu yupo. Nilienda kwenye yale mafunzo nikinung'unika, maana niliona hakuna cha kujifunza kwa mtu ambaye hakuna dawa yake.

Walitupanga wawili wawili ili tupimane. Mwenzangu alikuwa daktari kijana, munganga kama tunavyosema, kutoka Kasomeno, mwenye adabu, aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu tuliposalimiana. Tulianza na ubao wa ukutani, uleule wa siku zote, na nikausoma wote kwa mwendo wa mtu anayesali Baba Yetu. Wenzangu wakapiga makofi. Kisha mwalimu akatugawia ubao wa aina nyingine, wa kushika mkononi, wenye mpangilio wa herufi ambao sijawahi kukutana nao. Yule kijana aliushika mbele yangu. Nikaona mstari wa juu. Chini yake nikaona kitu kama ukungu, nikataja herufi. Nikataja nyingine. Nilizitaja haraka, bila kusita, na zote zilikuwa za ubao wa ukutani.

Aliushusha ubao. Akasogea karibu ili wengine wasisikie, akasema: "Yaya, hauko nasoma. Uko nakumbuka."

Nilimkasirikia. Nilimwambia dirisha lake linaleta jua vibaya, tukahama dirisha. Tulipohama, ukungu ulihama nasi. Hapo nilikaa chini, na mwalimu wa mafunzo, mama mmoja wa makamo, akaja akakaa karibu yangu.

Daktari aliangalia nyuma ya macho yangu kesho yake. Jicho la kuume lilikuwa na kovu katikati, limekwisha. La kushoto lilikuwa limevimba, na hilo bado lilitibika, ingawa halingerudi kuwa safi. Hakuniambia kwamba nimechelewa. Hakuwa na haja, maneno hayo ni yangu mimi, niliyasema kila juma kwa watu wa sukari. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na mimi nilidhani wanasema habari za waganga wa mizizi. Nilienda nyuma ya jengo nikalia mpaka pua ikafunga. Jicho lile ningeliokoa. Nilikuwa na daktari chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu.

Nilitaka kuacha mafunzo na kazi pia. Mwalimu alikataa. Aliniambia: "Mama, kaa. Utajifunza mara mbili, kama munganga na kama mugonjwa." Nikakaa. Jicho la kushoto likachomwa sindano, uvimbe ukashuka, nikaanza kuiheshimu sukari yangu. Na darasani nilijifunza yale niliyoyadharau: kuvuta taa karibu, kusoma kwa kioo cha kukuza, kuandika kwenye chupa za dawa kwa wino mweusi mnene, kumwaga chai katika kikombe cheupe ili uione inapanda. Nilijifunza pia kutazama kwa pembeni, maana katikati ya macho yangu ndipo palipoharibika.

Leo sipimi tena kwa ubao, kazi hiyo anaifanya mwenzangu. Mimi nawapokea wale tuliokuwa tunawarudisha nyumbani. Wapo niliowarudisha mimi mwenyewe kwa mdomo huu, na wengine sijui wako wapi nikawaite. Hilo linanikatia usingizi kuliko jicho.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, ambaye hajawahi kusema si nilikuambia, ingawa angekuwa na haki. Namshukuru yule mwalimu, na yule kijana wa Kasomeno aliyeniheshimu kiasi cha kuniambia ukweli. Na ninyi mlionishika mkono kwenye ngazi za kanisa hili mkajifanya mnaniegemea, nilijua, asanteni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimepata vyote viwili. Binti yangu amezaa msichana, sasa anaongea, ana maneno kuliko mimi. Nikitaka kuuona uso wake, inanibidi nitazame sikio lake, ndipo uso unakuja kwa pembeni, macho, meno, kila kitu. Yeye hapendi. Ananiuliza mimi bibi yake: "Kambo, uko naangalia nani?" Namwambia niko namwangalia yeye. Hasadiki. Anapanda mapajani mwangu, ananishika kidevu kwa mikono miwili, anakigeuza mpaka niwe nimemwelekea sawasawa, halafu anacheka kwa sababu sasa anaamini namwona.

Na hapo ndipo anapopotea. Namwacha akicheka, nami nacheka naye, simwoni.

Ndugu zangu, mwenye sukari asijipime mwenyewe. Mwende mkaangaliwe kesho, na mwenye kuogopa aje nyumbani kwangu, tutaenda pamoja.