Mwalimu Fidelia Mligo, Aliyezipanga Shida za Mahongole kwa Nukta

Baba Paroko, viongozi wa mitaa, ndugu, majirani na ninyi nyote mliovumilia baridi hii ya Juni, kamwene. Anayesoma mbele yenu kwa niaba ya familia ni Silvesta, mdogo wa marehemu, ambaye alisahihishiwa kila kitu kwa kalamu nyekundu, hata barua yake ya posa, kwa hiyo akikosea mahali msimcheke, maana aliyekuwa akimsahihisha ndiye tunayemsindikiza leo.

Mwalimu Fidelia Odilo Mligo alizaliwa tarehe 19 Novemba 1956 huko Wanging'ombe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Odilo na Mama Konsolata, wakulima wa mahindi na alizeti, watu wa kwenda misa kwa miguu mvua inyeshe isinyeshe.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965, akamaliza la saba mwaka 1971, akasoma sekondari kwa masista karibu na Njombe hadi kidato cha nne mwaka 1975, na huko ndiko sista mmoja mkali alikomfundisha Kiingereza na kupiga taipu, akamzoesha kwamba kila mstari wa orodha ubebe jambo moja, na ukianza kwa kitendo basi yote ianze kwa kitendo. Alipata cheti cha ualimu mwaka 1977, na tangu Januari 1978 hadi alipostaafu Novemba 2016 alifundisha Kiingereza, kwanza Ipelele kule Makete, kisha hapa Makambako. Wanafunzi wake mliopo mnamjua, ukichanganya sentensi nzima na vipande vya maneno katika orodha moja, daftari lilirudi kwako hata mara nne, naye hakasiriki, anacheka tu na kukwambia haraka haraka haina baraka.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Mzee Aloyce Nyagawa, fundi wa reli, wakajenga Mahongole. Uchungu wa kwanza ulimshika tarehe 11 Machi 1985, barabara ikiwa tope tupu, wakambeba kwa machela ya miti, na mtoto wao, Yosefu, akazaliwa njiani na kufa njiani. Baadaye Mungu aliwajalia Janeth, Haruni na Dainess, lakini tangu siku ile Mwalimu alitaka kitu kimoja kuliko vyote, wodi ya kuzalia hapa hapa Mahongole, na hakumficha mtu.

Mwaka 2016 shirika moja la ng'ambo lilikubali kupokea ombi letu, kwa Kiingereza, mahitaji yakiwa yamepangwa kwa pointi katika ukurasa mmoja. Kamati, chini ya Mzee Anselmi, fundi cherehani wetu na mwenyekiti wa mtaa mmojawapo kati ya mitano, iliandika kurasa kumi na moja, tatu za mwanzo zikiwa salamu, maana sisi huku hatumwombi mtu kitu kabla ya kumuuliza hali ya nyumbani, ya mifugo na ya mvua, na wodi yenyewe ilijitokeza ukurasa wa tisa. Ombi lilirudi. Tulipewa nafasi moja tu ya mwisho, hadi Ijumaa tarehe 21 Aprili 2017, ndipo kamati ikaenda kumpigia hodi mwalimu mstaafu.

Aliandika ukurasa mmoja, mahitaji matano, kila mtaa ukiwa umetaja la kwake, wodi, maji, nyumba ya mkunga, umeme wa jua na kivuko, akayapa namba moja hadi tano. Hapo alikosea, na alikiri mwenyewe kila alipolisimulia. Jumatano wenyeviti wote watano walipokutana kutia saini, yule wa namba tano aliweka kalamu chini, kwa kuwa kwetu namba ni kiti, anayetajwa wa tano harusini ndiye anayenawa wa mwisho, na mtaa wake haukuwa tayari kunawa wa mwisho mbele ya Wazungu. Wa nne naye akasimama, kikao kikavunjika, na Mwalimu akarudi nyumbani analia waziwazi, akimwambia Mzee Aloyce kwamba wodi inakufa kwa ajili ya tarakimu.

Alhamisi asubuhi alifuta namba zote, akaweka nukta nene nyeusi mbele ya kila mstari, kwa sababu namba ni za mambo yanayofuatana, na haya matano yalihitajika pamoja, mkunga asiye na maji atafanya nini. Kisha akalizungusha ombi mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mzee Anselmi alivaa miwani, akauliza nukta kubwa ni ipi, akajibiwa kwamba zote ni watoto wa tumbo moja, hakusadiki, akachukua utepe wake wa ushonaji akazipima moja moja, akatia saini huku akisema kumbe Kiingereza nacho kina adabu. Wanne wakafuata, na Ijumaa saa sita mchana ombi likatumwa.

Lilikubaliwa lote, bila kukatwa mstari hata mmoja! Wodi ilifunguliwa tarehe 14 Septemba 2019, na Mwalimu alicheza mpaka kiatu kikakatika, akaendelea na kimoja.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Njombe na Dar es Salaam, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, alifariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mzee Aloyce. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kulala nasi msibani, walimu wenzake, na wenyeviti wa mitaa yote mitano. Tunamshukuru pia mkunga wetu, ambaye hayupo hapa kwa sababu nzuri, ametuma ujumbe kwamba tangu wodi ifunguliwe hakuna mama wa Mahongole aliyejifungulia njiani, na kwamba leo asubuhi, tukiwa tunapanga viti hivi, amezaliwa mtoto mwingine.

Pumzika kwa amani, dada yangu, ni mvulana, analia kwa nguvu, na wamemwita Yosefu.