Popoo Tisa za Bibi Hera Kesari Maharjan (1962–2023)

Marehemu Hera Kesari alizaliwa Kirtipur, nyuma ya hekalu la Bagh Bhairab, tarehe 3 Februari 1962, mwezi wa Magh, asubuhi ya ukungu. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Juju Man Maharjan na Bibi Nani Thakun. Kaka yake, Purna Lal, alikuwa na miaka mitano. Alipopelekwa kumwona mtoto alisema ni mdogo mno, arudishwe alikotoka. Neno hilo lilichekwa nyumbani miaka mingi.

Desturi ya wasifu ni kutanguliza shule, lakini kwa huyu ndoa ilitangulia. Kama mabinti wetu wote, aliolewa mara mbili kabla hajatimiza miaka kumi na miwili. Mwaka 1969 aliolewa na tunda la beli, ili asije akawa mjane maishani mwake. Aprili 1973 akaingizwa chumba cha giza, ghorofa ya pili, siku kumi na mbili asione jua wala mwanamume, ili siku ya mwisho atolewe aolewe na jua lenyewe. Kwa kawaida mabinti huingia wanne au watano, wakaimba na kucheza humo. Mwaka ule binamu zake waliugua surua, akaingia peke yake. Peke yake, yaani yeye na khyak, yule pepo wa gizani, ambaye hakosi kuwamo chumba cha namna hiyo. Shangazi yake, Asta Maya, alimtengeneza kwa pamba akambandika ukutani, na katika kila mlo tonge la kwanza lilikuwa la khyak.

Mjomba wa marehemu, Tirtha Man, ambaye ndiye anayewasomea haya, hakuruhusiwa kupanda. Alikuwa akileta mikate ya mchele na kuiacha ngazini. Siku ya saba alisikia huko juu sauti mbili zikihesabiana vijiwe. Akajua shangazi mtu yumo ndani, anamchezesha mtoto. Kugeuka, akamwona shangazi uani, anachambua mboga.

Siku ya kumi na mbili khyak wa pamba hutolewa akatupwa njia panda. Hapo ndipo palipokosewa. Shangazi alidhani mama mtu ameshamtoa, na mama mtu akadhani shangazi amemtoa. Alikutwa baada ya miezi mitatu, palepale ukutani, mweupe, hana hata vumbi. Mnajimu akasema wakati wake umepita, asiguswe tena. Dirisha la chumba likapigiliwa misumari. Aliyeendelea kuingia ni Hera Kesari, kila siku, na tonge la wali kwenye kisahani. Kisahani kilirudi kitupu. Watu walisema ni paka. Nyumba ile haikuwa na paka.

Shule alisoma hapahapa mjini, akafaulu mtihani wa darasa la kumi mwaka 1980, mara ya pili, maana mara ya kwanza hesabu ilimshinda. Mwaka 1984 akaajiriwa na ofisi ya umeme kusoma mita, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu 2018. Alipanda ngazi za watu kusoma mita zao, na watu wakamsoma yeye. Hakuna nyumba ambamo hakuulizwa ataolewa lini. Mama mmoja wa mtaa wa chini alimwambia, "Wewe binti unajua umeme wa kila mtu, kasoro wa kwako."

"Wangu hauna mita, mama," akajibu, akaandika namba yake, akashuka.

Wachumba walikuja watatu: 1986, 1989 na 1993. Kila mara watu wa mume walileta popoo kumi, kama ilivyo ada, zikawekwa kwenye sahani ya shaba chumba cha ibada. Kila mara asubuhi zilikuwa tisa. Hakuna ukoo unaopokea bibi harusi wa popoo tisa. Posa ya kwanza ikavunjika, na ya pili, na ya tatu.

Mwaka 1997 kaka yake alileta mtu wa nne, mgane wa kijiji cha Panga mwenye watoto wawili. Dhan Maya, mke wa Purna Lal, akacheka, "Wifi, hata kufuli lenye kutu lina ufunguo wake." Hayo marehemu alikuwa ameyazoea. Lakini Purna Lal akaongeza jingine, mbele ya watu.

"Chama chetu cha maziko kinabeba wanaume wa ukoo na wake zao. Mabinti hubebwa na watu wa kwa waume zao. Siku yako ikifika, wewe utabebwa kama nani?"

Hilo lilimwingia. Wiki ikapita. Mwishowe mjomba wake alimkuta juu ya paa, jua limeshapanda, anaanika pilipili.

"Mjomba," akasema, "popoo ya kwanza niliichukua mimi. Zile mbili za baadaye sizijui."

Mjomba akainama kumsaidia. Naye akaendelea kutandaza pilipili zake. "Nilidhani nimepungukiwa. Kila nyumba wananiuliza mume yuko wapi. Basi jana nimetoka nyumba moja, nikainua uso juani, yule pale. Mimi sikukosa, mjomba. Nilipata mapema tu."

Akashuka akamwambia kaka yake amrudishie yule bwana popoo zake kumi, zilizoletwa asubuhi ile, kabla hazijalala. Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyetua mzigo, na aliyemuuliza habari za mume alimwonyesha juu.

Aliugua mapafu kuanzia Oktoba 2022. Tarehe 25 Februari 2023 aliomba kitanda chake kihamishiwe chumba cha giza, taa isiwekwe. Dhan Maya ndiye aliyemuuguza, na tuseme kweli, alimuuguza kama dada yake wa tumbo moja. Marehemu alipokosa nguvu, wifi yake alilitenga lile tonge la kwanza kwa niaba yake. Akiwa nje ya mlango alisikia vijiwe vikihesabiwa.

Asubuhi ya tarehe 8 Machi, siku ya kumi na mbili humo chumbani, marehemu alisema, "Wifi, fungua." Dhan Maya aling'oa misumari ya dirisha kwa koleo. Jua lilipomfikia usoni, Hera Kesari alikuwa ameshakwenda. Ukutani palibaki msumari tu, pamba haikuwepo. Chini yake pakaokotwa popoo mbili kuukuu. Ya tatu ilikuwa ndani ya mkoba wake wa kazi.

Wanachama wa chama cha maziko wakakusanyika uani, wakimngoja Purna Lal, maana sasa yeye ndiye mkubwa wao. Alizifunga zile popoo tatu kwenye pindo la sanda. Kisha akasema, "Mnambeba Hera Kesari, binti wa Juju Man. Inueni."

Marehemu alikuwa mwembamba, kilo thelathini na nane. Wabebaji walikuwa vijana wanne wa shamba, na kabla ya kufika mtoni walibadilisha mabega mara sita.  Kila mara Purna Lal alisema polepole, "Pokezaneni." Yeye mwenyewe akawasha moto.

Leo ni siku ya kumi na tatu. Dhan Maya hajaacha kupeleka tonge chumba kile. Kisahani kinarudi na wali wake.

Marehemu ameacha kaka, Purna Lal. Wifi, Dhan Maya. Watoto wa kaka yake, Rabina na Nhuchhe Ratna. Na mjomba, Tirtha Man. Ameacha pia mume, ambaye leo amechomoza saa kumi na mbili na dakika nane.

Apumzike kwa amani, yeye na aliyekwenda naye.