Kistari Kilichomponza Fakihi

Kijiwe cha Kivinje kimeegemea boma la Mjerumani lililobaki na nusu ya paa, na mwaka ule wa kuuzwa viwanda wenyewe walikiita Bunge Dogo, maana hapakupita hoja bila kupingwa. Wenye viti ni Likwata, aliyekuwa mpima korosho kiwandani, jina la kijiweni Mizani; na Valentini fundi baiskeli, aitwaye Gazeti la Jana. Spika ni Abilahi muuza kahawa. Mchana huo mwishoni mwa benchi alikaa pia Dativa, binti wa Kipatimu aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliopita. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, na kahawa haikupungua hata funda.

Hoja ilikuwa Mzee Fakihi. Wakulima walimchagua awasemee kwenye televisheni, kiwanda chao kisiuzwe. Asubuhi alifanya mazoezi pale studio, jengo la pili kutoka kijiweni, madirisha wazi na kipaza sauti kimewashwa, na mtaa mzima ulimsikia: "Wakulima, tusi." Akavuta pumzi. "Kubali kiwanda kiuzwe."

— Katutukana kwanza, ndipo katuuza, alisema Mizani. Kwa utaratibu kabisa.

— Kapewa mshiko, akasema Gazeti la Jana. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya akiba, alimkosoa Abilahi.

— Na hongo haiwekwi akiba?

Gazeti la Jana alikuwa amechungulia dirishani. Aliapa kwamba mbele ya kamera pana kioo kilicholala upande, na maneno yanapanda juu yenyewe kama sisimizi. Mizani akaongeza lake: yeye aliiona kompyuta inayolisha kile kioo, na herufi zake zote zimegeuka, K inatazama nyuma. Maandishi ya kinyumenyume, alisema, humtoa mtu moyo wake akasema kinyume cha anachoamini. Kufikia kikombe cha pili kioo kilikuwa kimeletwa kwa meli na mwekezaji mwenyewe anayekitaka kiwanda, na kilikwishauza viwanda vya mikoa mitatu.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alihitimisha Gazeti la Jana. Na Fakihi alisoma kasimama. Mmeona?

Hakuna aliyeona, ila wote waliitikia kwa kichwa.

Dativa alijua kwamba herufi hugeuzwa kwenye kompyuta ili kioo kizirudishe sawa. Kuzipanga ndiyo ilikuwa kazi yake. Na alijua la pili. Macho ya mzee hayana nguvu, kwa hiyo alimkuzia maandishi mpaka mstari ukabeba herufi nane tu. "Tusikubali" lina kumi. Akiliacha, mashine ingelikata ovyo na kutupa herufi mbili chini. Basi akalikata mwenyewe kwenye silabi, kama alivyofundishwa shuleni: "tusi", kistari, na chini yake "kubali". Hakujua kwamba Edwin, msimamizi wa studio kutoka Dar, alikuwa amemwambia mzee: ukiona kistari, vuta pumzi.

Alilijua pamoja na mtaa mzima, kwa kipaza sauti.

Edwin alikwishaonya pia kwamba atakayesema nje kuwa mzungumzaji anasoma, kazi hana. Dativa alikuwa amebakiza wiki mbili za majaribio.

— Saa kumi wanarekodi, alisema Mizani. Tutamzuia mlangoni. Na siku akifiwa, asitume mtu wa kututaarifu.

Hapo hakuna aliyecheka. Dativa akaweka kikombe chini.

— Wazee wangu, lile tusi ni langu.

Akaokota kaa lililozimika kando ya jiko la Abilahi, akaandika kwenye sementi ya benchi neno zima, kisha neno lililokatwa. Akaeleza kistari cha shule na kistari cha Edwin. Mizani aliinama, akasoma taratibu, midomo ikimchezacheza.

— Kumbe alikuwa anasoma?

— Maneno yenu, mzee. Ya mkutano wenu wa Ijumaa. Kosa la kuyakata ni langu.

Edwin akatokea, anamtafuta Dativa. Aliliona kaa, akaliona neno, akakunja uso kidogo tu, maana alikuja na dawa.

— Nimeshapata, dada. Toa "tusikubali", weka "tungoje". Herufi saba, inakaa mstari mmoja.

Dativa aliusoma mstari mpya kimoyomoyo: wakulima tungoje kiwanda kiuzwe.

— Ni mpangilio tu, alisema Edwin. Maana ileile.

— Kijana, alisema Mizani, nimepima miaka kumi na tisa. Hilo limepungua uzito.

Vidole vya Dativa vilikuwa vikihesabu juu ya goti.

— Hatutaki, alisema.

— Hutaki nini? aliuliza Edwin.

— Sisemi mimi, nasema neno. "Hatutaki." Herufi nane. Linaingia zima.

Gazeti la Jana alihesabu kwa vidole, akarudia, akamtazama msichana kana kwamba ametoa korosho kwenye jiwe. Edwin alisema hotuba ilikwishapitishwa na mwenye studio. Dativa akamjibu kwamba iliyopitishwa ilikataa, na hii inakataa. "Tungoje" ndiyo haikupitishwa na mtu.

— Na mwenye studio akiniuliza nani kaandika, nimjibu nini?

Dativa alilitamka jina lake lote.

— Dativa Ambrosi, wa Kipatimu.

Akainuka, akashika njia ya studio kabla miguu haijapata nafasi ya kubadili nia. Nyuma yake alimsikia Abilahi akiuliza, kwa upole wa mtu anayeosha vikombe, nani basi anakwenda kwa Mzee Fakihi kumwomba radhi.

Alifika mlangoni, akaingia kuliandika lile neno la herufi nane.