Propela ya Fundi Sikio

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina la kuwachekesha sana, nisiwadanganye. Fundi Sikio amefariki dunia. Yule fundi wa giaboksi, mwenye gereji nyuma ya duka la mbao, ametutoka Jumanne asubuhi, kitandani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono. Kama uliwahi kumpelekea gari mzee mmoja mrefu akakuambia, "Zima redio, nilisikie gari lako," basi ni huyo. Naam, hata sisi alikuwa anatuzima. Tumeshamsamehe.

Jina la Sikio alipewa na wateja. Hakuwa anafungua giaboksi kabla ya kuisikiliza. Anakaa kiti cha abiria, anafumba macho, unamzungusha mtaa mmoja, kisha anakuambia, "Beringi ya nyuma. Turudi." Kuna siku alikosea, jamani, tusimgeuze malaika kwa kuwa amekufa. Lakini mara nyingi ilikuwa beringi ya nyuma kweli.

Mafundi wote aliowafundisha wanaujua msemo wake mmoja, na mimi naomba tuuelewe vizuri. Propela ni lile bomba refu la chuma linalotoka kwenye giaboksi kwenda magurudumu ya nyuma. Ukiweka giaboksi nyingine, ndefu zaidi, lazima propela ikatwe ili itoshe. Sasa Fundi Sikio alikuwa akisema, "Gari lipime likiwa na njaa, ulipime tena likiwa limeshiba." Yaani pima likiwa tupu, halafu lipakie mzigo, springi zibonyee, upime tena. Ukiruka hiyo ya pili, propela itakuwa ndefu. Gari likibeba mzigo, itaisukuma giaboksi kwa nyuma mpaka iipasue.

Yeye mwenyewe alikuwa na pikapu kuukuu aliyorithi kwa baba yake. Ilikuwa ya bluu enzi hizo. Siku hizi ungesema ni ya vumbi. Injini yake nzima, bodi yake nzima, ila giaboksi ilikuwa choka mbaya. Kwenye tambarare ilitembea kwa maringo. Ikiona mlima, gia ya pili inaruka, pikapu inaguna, inarudi nyuma.

Na mama yake Fundi Sikio alikuwa anaishi mlimani. Peke yake, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Nyuma ya jiko lake ardhi ilikuwa imepasuka, ufa wa kuingiza mkono mpaka kiwiko. Wataalamu walikuja, wakatazama, wakasema watu washuke kabla ya mvua. Kila mtu akamwambia yule bibi ashuke.

Bibi akasema hashuki.

"Nikakae kwa mwanangu na kimfuko cha nailoni, kama mgeni wa siku mbili?" alisema. "Sitaki. Mkinitaka, nichukueni na kabati langu, na kitanda changu, na milango yangu yote. Milango hii aliichonga mume wangu."

Wasikilizaji wapendwa, mnawajua mama zetu. Ukimwambia chakula kina sumu, anakuuliza mbona hujala. Na ile njia ya kwake ni nyembamba. Malori hayapiti, na magari madogo hayana nguvu. Binti yake fundi anasema alimwambia, "Baba, mbembeleze tu bibi." Akamjibu, "Wewe humjui mama yangu. Mama hatoki bila kabati, kabati halishuki bila gari. Basi gari litapanda."

Ndipo akaamua kuiwekea pikapu giaboksi ya kilori. Kilori chenyewe kilikuwa kimepinduka, kimebaki vyuma vya kuuza. Giaboksi yake ilikuwa ya gia tano, nzito, wanaume watatu waliinyanyua huku wanalalamika. Haikuingia kirahisi. Ilibidi sakafu ya pikapu ikatwe, vishikizo vya chini vihamishwe, na mkono wa gia ukatokea nyuma kidogo, karibu na magoti ya abiria. Rafiki yake Cheche, fundi wa kuchomelea, alimtania, "Hii gari sasa itaendeshwa na abiria." Walicheka sana siku hiyo. Binti anasema hakuwahi kumsikia baba yake akiimba chini ya gari, ila wiki hiyo aliimba.

Ikabaki propela. Pikapu ilikuwa juu ya magogo, magurudumu ya nyuma yananing'inia. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mlimani. Fundi Sikio alilala chini, akapima, akachora alama kwa chaki, akampa Cheche.

Cheche ameniambia haya kwa mdomo wake: "Nilimuuliza, umepima na mzigo? Akaniambia, kata. Nikakata. Mimi ni nani nimbishie? Yeye ndiye aliyetufundisha."

Mganga hajigangi, walisema wahenga.

Pikapu ilipanda mlima, wasikilizaji wapendwa. Ilipanda! Tupu, gia ya pili, haikuruka hata kidogo. Majirani walitoka nje wakapiga makofi. Bibi akatokea mlangoni, akaitazama pikapu ya marehemu mumewe, akamwambia mwanawe, "Umechelewa." Halafu akaingia ndani kuvaa viatu. Fundi Sikio alimwambia binti yake baadaye kwamba hiyo ndiyo saa aliyofurahi kuliko zote maishani mwake.

Wakapakia. Kabati, kitanda, magodoro, masufuria, milango imeng'olewa na bawaba zake. Springi zikalala. Bibi akapanda mbele, akausukuma mkono wa gia kwa goti. "Hiki kijiti kitanivunja mguu," alisema. Wakaondoka.

Hawakufika mbali. Chini kidogo ya nyumba kuna shimo barabarani. Pikapu ikaingia kwenye shimo, nyuma ikabonyea, propela ikaisukuma giaboksi. Ikapasuka. Oili ikamwagika, magurudumu ya nyuma yakakwama. Fundi Sikio hakuhitaji kusikiliza. Alijua kabla hajashuka.

Bibi alimpigapiga mgongoni. "Usihuzunike, mwanangu. Chuma kimezeeka, kama mimi."

Naye hakujibu kitu.

Fundi Sikio alimwomba mama yake akubali kubebwa mgongoni. Bibi akakataa katakata, yeye si gunia la mkaa. Majirani wakarudisha kabati, wakairudisha milango kwenye fremu zake. "Nenda ukatengeneze, uje," bibi alisema. "Mimi nipo." Fundi Sikio akaifungua propela, akaitia begani, akashuka mlima nayo kwa miguu; giaboksi Cheche angekuja kuichomelea palepale.

Mvua ilianza kesho yake mchana. Walikuwa kwa Cheche, wanakata. Cheche anasema kipande kilichozidi kilikuwa upana wa vidole viwili. Kilidondoka sakafuni, kabla hajakiokota simu ikalia.

Mlima ulikuwa umeshuka. Ulichukua jiko, chumba, kabati na bibi mwenyewe.

Baada ya mazishi hakugusa tena giaboksi ya mtu. Gereji aliifungua kila siku, lakini akawa anaziba pancha na kujaza upepo. Mteja akimwomba asikilize gari, anasema masikio yameziba. Watu walimfariji, wakamwambia ni mapenzi ya Mungu. Aliwajibu, "Mvua ni ya Mungu. Propela ni yangu." Ukimbembeleza zaidi anainuka, anaondoka. Viongozi wa dini walikwenda, marafiki walikwenda, hata mimi nilikwenda. La kuvunda halina ubani. Alikonda, akaugua, akakataa nusu ya dawa zake, akafa.

Wiki iliyopita binti yake alimwambia, "Baba, bibi alikusamehe. Si alikupigapiga mgongoni?" Fundi Sikio akasema, "Bibi yako hakujua kama kuna cha kusamehe. Alidhani gari limezeeka. Nilimwacha adhani hivyo."

Binti alimfunika shuka, akaketi karibu yake. Hayo ameniambia mwenyewe, wasikilizaji wapendwa.

Kwa binti wa marehemu, kwa Cheche, kwa mafundi wote wa mtaa ule, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Kama unamkumbuka, usimzungumzie kwa majivuno wala kwa kumhurumia sana. Hakupenda yote mawili. Na kama una mtu unayemwamini kwa kuwa anajua kazi, mwulize tena mara ya pili. Akikasirika, na akasirike.

Nimalizie na hili. Jana nilipanda kule juu. Upande wa pili wa mlima kuna nyumba nane bado. Nyufa zipo. Nilimkuta mama mmoja anafua, nikamwambia mama, shuka, mawingu haya si ya kawaida. Akaniuliza, "Na vyombo vyangu vitashuka na nini?"

Nikashuka peke yangu.