Sagesse na Kilo Mia na Thelathini na Tano

Kijiwe chetu kiko Yeoville, barabara ya Rockey, mbele ya duka la fundi Gustave. Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Wenyewe walipohama, halikuenea kwenye gari lao la mizigo, nasi tukalirithi. Othmani wa Tanga ndiye mwenye birika: kahawa chungu, tangawizi ya kukukohoza. Gustave, fundi cherehani wa Lubumbashi, tunamwita Docteur, kwa sababu hakuna ugonjwa asioujua na hakuna mgonjwa aliyewahi kupona mikononi mwake. Pitchou, kinyozi wa mlango wa pili, ni Redio. Mimi ni Simiyu, Mkenya wa benki huko Midrand, na Jumamosi nikichelewa wananidai habari za wiki nzima. Ya leo ni ya Sagesse.

Sagesse ni binti wa Kalemie, mlinzi wa jengo moja la ghorofa Hillbrow, na chumba chake kiko juu ya duka la Gustave. Akitoka kazini hapiti sokoni wala saluni. Anaenda jim kuinua vyuma. Jumamosi moja ya Februari alitokea akiwa na begi begani na macho mekundu.

— Dada, umefiwa? — Othmani akauliza, kikombe mkononi.

— Hapana, papa Othmani. Nimeshindwa kilo mia na kumi na tano. Mbele ya watu wote. Na mwaka jana nilikuwa nainua mia na ishirini kutoka chini, bila kulia.

— Unaumwa?

— Siumwi. Niliacha nyama tangu Novemba.

Gustave akaweka mkasi chini.

— Umeacha nyama? Weye? Na unainua chuma?

— Docteur, kabla ya ulinzi nilifanya kazi buchani miaka miwili, nikikata mifupa kwa ile mashine. Siku moja nikafika nyumbani, nikafunua sufuria, harufu ikanipiga, mkono ukakataa. Sikupanga. Tangu siku ile siwezi, na sitaki.

— Kocha anasemaje? — nikauliza.

— Kocha Sidney amesema nirudie nyama ama nitoke kwenye timu. Nimemwomba anipe mpaka mashindano ya Agosti. Nikishindwa nitatoka mwenyewe, hatanifukuza.

Akapanda ngazi polepole. Hakuwa hata amefunga mlango wake vizuri, benchi likawaka moto.

— Mumesikia? — Gustave akaanza. — Mwili ni kama koti. Nyama njo uzi. Ukitoa uzi, mikono inaanguka.

— Na ng'ombe je, Docteur? — Othmani akamkata. — Ng'ombe anakula nini, kababu?

— Ng'ombe iko na matumbo ine. Sagesse iko nayo ngapi?

— Haya, na gorila wa kwenu kule Kahuzi? Majani tu, na anavunja mti kwa mkono mmoja.

— Gorila anakula nyama kwa siri! — Pitchou akaruka. — Binamu yangu alikuwa askari wa mbuga. Aliona mfupa.

— Mfupa wa nani?

— Hakuuliza, alikimbia! Halafu kuna hatari ya maharage. Mtu anainama, anashika chuma, tumbo limejaa upepo. Eish! Watu wa mstari wa nyuma watapona?

Tulicheka, na mimi nilicheka zaidi kuliko wote. Kisha nikainua macho. Dirisha la juu lilikuwa wazi, na Sagesse alikuwa amesimama pale akitusikiliza. Alivuta pazia.

Nikaweka kikombe chini. Usiku ule nilimsimulia mke wangu, Jemimah, ambaye anafundisha mambo ya lishe chuo kikuu, na hakucheka hata kidogo. Kesho yake, tulipotoka ibadani, akapanda ngazi zile na daftari, mimi nyuma yake nikiwa nimebeba aibu yangu.

— Jana umekula nini? — akamuuliza Sagesse.

— Asubuhi chai na mkate. Mchana ugali wa pap na kabichi. Usiku chai, nilikuwa nimechoka.

— Na juzi?

— Vilevile.

Jemimah akafunga daftari.

— Dada yangu, wewe hukuacha nyama. Umeacha kula. Umetoa kitu kikubwa kwenye sahani na hukuweka chochote mahali pake. Misuli utaijenga na kabichi?

Sagesse akaketi kitandani.

— Kwa hiyo si lazima nirudi kwenye ile harufu?

— Si lazima. Lakini itabidi ule kama mtu anayejenga nyumba.

Kuanzia wiki ile, kila Jumapili sufuria kubwa ilichemka juu ya duka la Gustave. Wiki hii maharage, wiki ijayo dengu na soya. Asubuhi mayai matatu, mchana kopo la maharage na wali pale langoni kazini, jioni amasi, yale maziwa mgando ya huku, na mkate uliopakwa siagi ya karanga mpaka ukainama. Walinzi wenzake walimwita Mama Madesu, yaani mama wa maharage. Aliitika, akaendelea kutafuna.

Machi, hakuna kitu. Chuma kilimkatalia palepale, na kuna jioni alipita kijiweni bila kutusalimu. Aprili mwishoni akainua mia na kumi na tano. Mei akairudia mia na ishirini yake. Juni alikuja na shati la sare kwa Gustave.

— Docteur, linanibana mabegani. Nifungulie mshono.

Gustave akampima, akasoma futi, akaisoma tena akiwa amevaa miwani.

— Sentimita ine zaidi, — Gustave akanong'ona baada ya Sagesse kuondoka.

— Kwa hiyo umekubali? — nikamwuliza.

— Nikubali nini? Shati imerudi kwa kufuliwa. Sabuni ya siku hizi ni mbaya.

Agosti ikafika na upepo wake wa vumbi. Siku ya mashindano Pitchou alifunga duka lake la kunyolea, akafuatana na Sagesse hadi ukumbi mmoja Midrand. Pamoja nao alikwenda tantine Mamie, shangazi yake Sagesse, aliyekuwa ameshuka basi siku tatu kabla kutoka Kalemie. Sisi wengine tulibaki benchini, simu yangu tumeiegemeza kwenye birika, Pitchou akiturushia picha moja kwa moja. Kila mmoja alipewa nafasi tatu tu.

— Ya kwanza, mia na ishirini! — sauti ya Pitchou ikapasuka. — Amebeba! Kama mfuko wa unga!

Ya pili ilikuwa mia na thelathini. Tulimwona akiinama, akivuta. Chuma kikafika magotini, mkono wa kushoto ukateleza, kikaanguka kwa kishindo. Othmani akashika kichwa.

— Nilisema mimi, — Gustave akasema, lakini kwa sauti ndogo, na hakuitazama simu.

— Sikilizeni, — Pitchou sasa alikuwa ananong'ona. — Kuna dada mmoja wa Pretoria amefikisha mia na thelathini na mbili na nusu. Kocha anamwambia Sagesse arudie mia na thelathini, apate nafasi ya pili, waende nyumbani. Sagesse anatikisa kichwa. Ngoja… Ameandika mia na thelathini na tano!

— Mwendawazimu! — Gustave akasimama. — Anashindwa thelathini, anaomba thelathini na tano?

Kwenye kioo kidogo tukamwona akipaka viganjani unga mweupe wa kuzuia kuteleza, mara mbili, tatu, mpaka mikono ikawa kama ya mpika mandazi. Akashika. Akashusha pumzi. Chuma hakikusogea. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, halafu kikaachana na sakafu, polepole kama mtu anayeng'oa mzizi. Kikapita magoti. Miguu ikatetemeka, shingo ikatoka mishipa, na Gustave, Docteur mzima, akaanza kupiga kelele barabarani:

— Simama, binti! Simama! Simama wima!

Akasimama wima. Taa tatu nyeupe za waamuzi zikawaka: imekubaliwa. Simu ikaanguka kutoka mkononi mwa Pitchou, tukabaki tunatazama dari la ukumbi na kusikia vigelegele vya tantine Mamie vikizima kipaza sauti. Othmani alinikumbatia, kahawa ikanimwagikia suruali, na mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, akatoka kuuliza nani amefunga goli.

Walirudi saa kumi alasiri. Sagesse alishuka kwenye teksi akiwa na medali ya dhahabu shingoni. Kocha Sidney alimfuata nyuma, amebeba begi lake, na mbele ya benchi zima akasema:

— Nilikosea. Na mwezi ujao nataka wote kwenye timu waone unachokula.

Sagesse alifuta macho kwa kiganja, unga ukabaki shavuni.

— Sharp, kocha, sawa, — akasema. — Lakini kila mtu aje na sahani yake.

Mngedhani mjadala umekwisha. Tulimpisha tantine Mamie akaketi katikati ya benchi, Othmani akammiminia kahawa, na kabla hajapuliza mvuke Gustave alikuwa ameshapata nguvu mpya.

— Mimi nimefikiri, — akasema. — Ile si maharage. Ile ni nyama ya zamani. Alikaa buchani miaka miwili, harufu iliingia kwenye ngozi. Nyama inaweza kukaa mwilini miaka saba.

— Hapana, ni ule unga wa mikono, — akasema Pitchou. — Niliuona kwa macho yangu. Ule ni dawa.

— Mimi nasema ni hewa ya Midrand, — akaongeza Othmani. — Kule wana miti. Vitu vinakuwa vyepesi.

Tantine Mamie aliwasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu ya mgeni. Kisha akashusha kikombe gotini, akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua:

— Samahani, bapapa. Nyinyi munaokula nyama kila siku, munainuaka nini?

Gustave akainuka kwenda kwenye cherehani yake. Pitchou akamtazama Othmani, Othmani akanitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu. Sagesse akacheka mpaka akainama, medali ikagonga ukingo wa benchi, ikalia kama kengele.