Fundi wa Milango ya Ubavuni: Eliya Kiprugut arap Kosgei

Mimi ninayewasomea ni Micah Kipkemboi, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, na karani wa kanisa hili mnaloliona limefungwa nyuma yangu. Nilimwomba mjane, shemeji yangu Jepkorir, atafute msomaji mwingine. Akaniambia, "Hapana, shemeji. Ni wewe."

Marehemu Eliya Kiprugut arap Kosgei alizaliwa Tenges, Baringo, mwaka wa 1909 au 1910. Tarehe haikuandikwa, mama alisema tu ilikuwa wakati wa kuvuna wimbi. Alikuwa kifungua mimba. Mimi nilimfuata baada ya miaka sita, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni tulipohamia hapa Rongai, baba alipopata kazi katika shamba la mzungu.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya misheni. Alikuwa na kichwa chepesi kunishinda, hilo walimu walilisema mbele yangu. Lakini mtoto mmoja tu ndiye angeweza kuachwa aende shule, mwingine achunge ng'ombe, na Eliya akamwambia baba, "Mpeleke Micah, yeye anapenda kalamu." Basi kalamu hii niliyo nayo ni yeye aliyenipa. Mtaona nilichoandika nayo.

Mwaka wa 1926 alikwenda Nakuru mjini kujifunza useremala kwa fundi mmoja Mhindi. Alirudi baada ya miaka saba na randa, msumeno, na tabia ya kukagua kila mlango kabla ya kuupita. Tarehe 12 Agosti 1933 alimwoa Jepkorir. Shemeji husema siku ya posa Eliya hakumtazama yeye hata kidogo, alikuwa anatazama mlango wa mama mkwe ulivyopinda. Kesho yake akarudi na patasi kuunyoosha. Wazee wakasema huyu apewe.

Mwaka wa 1954 wazee walimpa kazi ya kujenga kanisa hili. Hakuchora kwenye karatasi. Alichukua jivu, akachora kanisa zima hapo chini, kwa ukubwa wake kamili, akatuita tuingie. Jepkorir alikuja na mtungi wa maji, akakatiza moja kwa moja.

"Mama Cheptoo, umepita ukutani!" Eliya akamwambia.

"Ukuta gani? Mimi naona jivu. Hapa ndipo watu hupita."

"Haya. Basi hapo patakuwa na mlango."

Ndivyo ilivyopatikana milango ile minne ya ubavuni, ya kukunjwa, ikifunguliwa yote watu wa nyasini na wa ndani wanakuwa kitu kimoja. Mabenchi nayo aliwapa akina mama wayainue kwanza, wawili wawili. Alikuwa akisema, "Benchi ambalo mama wawili hawaliwezi si benchi, ni mzigo." Meza ya Bwana aliitengenezea miguu ya kukunjwa. Jumapili tuliabudu, Jumatatu watoto walisoma humo, Jumatano vichanga vilipimwa uzani, na siku ya baraza mabenchi yaligeuzwa duara ili pasiwe na wa nyuma. Wageni walitoka hata Njoro kuja kuliona, na mimi niliwatembeza kana kwamba nimelijenga mimi.

Aprili 1957 Bi Kuluthum, mama yake Mzee Dualeh mwenye duka, alifariki. Jamaa zao walifika kutoka Nakuru na Gilgil, mvua nayo ikaja nao, na nyumba ya Dualeh mnaijua udogo wake. Eliya alifungua milango, akasogeza mabenchi ukutani, akakunja meza, akawaambia watandike mikeka. Walisoma Kurani humo siku tatu. Mimi nilirudi kutoka mkutanoni nikasikia dua ikitoka katika kanisa letu. Moyoni nilisema, salaala, makanisa mengine yatatucheka.

Katika karatasi ya kwanza ya wasifu huu niliandika, "Wazee waliamua." Nimefuta. Wazee walikuwa wamenyamaza. Aliyedai milango ipigiliwe misumari, na mabenchi yapigiliwe sakafuni, na Eliya atengwe ushirika hadi atubu, ni mimi. Yeye alijibu, "Kosa langu ni kutowauliza. Kuwafungulia watu wenye msiba si kosa." Nikaiandika barua ya kumtenga kwa mwandiko mzuri sana.

Fundi hakuna mwingine hapa, kwa hiyo nilipigilia mwenyewe. Mbao zilianza kupasuka. Eliya alikuwa amesimama papo hapo, akanitazama. Akasema, "Micah, tumia misumari ya inchi tatu, hiyo ni mikubwa. Na usizamishe kichwa. Kiache nje kidogo, siku ya kung'oa usisumbuke." Nilikasirika. Lakini nilifanya hivyo, maana tangu utotoni akiniambia jambo la mikono huwa nalifanya.

Kwa miaka miwili na zaidi, kila Jumapili, alikaa nyasini nje ya milango hiyo na kuimba nasi kupitia mbao. Tulimsikia sote. Hakuna aliyesimama kumfungulia, na mimi nilikuwa nikifungua kitabu cha nyimbo na kutafuta namba.

Juni mwaka huu kifua kilimshika. Sisemi ni baridi ya nje iliyomwua, wala sisemi siyo. Alilazwa Nakuru. Nilikwenda nikiwa nimejipanga kuomba msamaha, nikakaa, nikazungumza habari za mahindi. Saa nzima, jamani, mahindi! Nikiaga akaniuliza, "Vichwa bado viko nje?" Nikasema viko. Akafunga macho. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Julai 1959, saa nne asubuhi.

Uso umeumbwa na haya, na wangu leo sina pa kuuweka. Kwa kanuni niliyoiandika mimi, aliyetengwa haingizwi kanisani hata akiwa maiti, ndiyo maana jeneza liko nyasini. Mikeka mliyokalia imeletwa na Mzee Dualeh. Nilipotaka kumshukuru alisema, "Hapana, mzee. Sisi tulikaa ndani."

Marehemu amemwacha mkewe Jepkorir, watoto wake Cheptoo, Zeddy na Peterson, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi.

Wazee wenzangu, mkitaka kunitenga, nitengeni kesho. Nimekuja na nyundo. Asubuhi nimepapasa misumari yote, na kila kichwa kiko nje kama alivyosema. Zeddy, mwanangu, shika ubao huo nisiupasue. Ni kazi ya baba yako.

Kaka yangu apumzike kwa amani. Lakini kwanza aingie.